Nyasi za Namelok

Parsimei alikuwa anajua kusema, si mchezo! Miaka ile vyama vingi vilipoingia na kila mtu akapata ujasiri, yeye ndiye aliyewatia moto wafugaji wenzake wa kitongoji kimoja karibu na Chanzuru: tujitenge na kijiji cha wakulima, tuwe na kijiji chetu na kisima chetu. Na kwa kuwa kila ofisi ya kijiji aliyowahi kuiona ina bendera, akapandisha shuka nyekundu juu ya mti. Bendera ya taifa angeitoa wapi? Jamani, hakujua balaa aliloliita.

Wakulima walikimbilia wilayani: wafugaji wametangaza nchi yao! Asubuhi Landrova mbili zikaingia, askari na bunduki, na mkuu wa wilaya mwenyewe. Shuka ikashushwa, Parsimei akatiwa pingu.

"Nchi hii haikatwi vipande," mkuu alifoka. Kisha akalainisha sauti. "Tamka mbele ya watu wako kwamba mmerudi kijiji cha zamani, nikufungue sasa hivi. Ukikataa, unalala mahabusu, na kesi ya uchochezi inakungoja."

Hofu ilimshika Parsimei, tusidanganyane. Alishafungua mdomo.

Ndipo wanawake wakatokea, mkewe Namelok mbele, kila mmoja na nyasi mbichi mkononi. Kwa mila ya wafugaji hawa, mwenye kushika nyasi anaomba amani, na kumpiga ni mwiko. Wakakaa chini mbele ya magari, kimya. Parsimei hakuwahi kumsikia mkewe akisema mbele ya wanaume.

"Shikamoo mzee," Namelok alisema.

"Marahaba."

"Sisi hatuna nchi nyingine. Watoto wetu wanafukuzwa kisimani. Tunataka kijiji, ndani ya nchi hii hii. Mume wangu mchukue ukitaka. Hatuondoki." Akanyoosha mkono wenye nyasi.

Mungu wangu! Askari wakatazamana, bunduki zikainama. Mkuu naye aliijua mila ile; akazipokea zile nyasi kwa mikono miwili.

"Mfungueni," akasema. "Nanyi leteni maombi yenu wilayani. Nitayasikiliza mwenyewe."

Magari yalipoondoka, Parsimei alimkodolea macho mkewe. Mwanamke huyu ameishi naye nyumba moja miaka yote!

"Nilipofika ulikuwa umefungua mdomo," Namelok akamwambia taratibu. "Ulitaka kumjibu nini?"

Parsimei akasugua mikono palipokuwa na pingu.