Taa ya Manjano Chini ya Utepe

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kitui, Fundi Mkuu alinipa kitambaa na bisibisi ndogo, akanisimamisha mbele ya sanduku jekundu ukutani. "Hii ndiyo paneli," akasema. "Moshi ukitokea, itakuambia ni chumba gani. Lakini inasoma kile tu ulichoiandikia. Ukiiandikia upuzi, itakusomea upuzi." Nilikuwa msichana wa pekee katika karakana ile, na wenzangu walisema wazi kwamba sitamaliza mwezi. Nikaapa nitamaliza.

Paneli za zamani zilitaja upande wa jengo tu, ukabaki kukimbia mlango kwa mlango ukinusanusa. Katika hizi mpya, kila detekta, yaani kile kidude cha darini kinachonusa moshi, ina namba yake. Waya mmoja unatoka kwenye paneli, unazipitia zote kisha unarudi, hivyo hata ukikatika mahali habari hupitia upande wa pili. Moshi ukinuswa, taa nyekundu inawaka, ving'ora vinalia, na kioo kinaandika jina la chumba. Taa ya manjano ni mambo mengine: kuna hitilafu, au kuna detekta imezimwa makusudi.

Basi Injinia, mkubwa wetu, akanituma shule moja ya bweni ya wasichana karibu na Emali. Vumbi la kule mnalijua. Lilikuwa limejaa kwenye detekta namba thelathini na moja, ya stoo, ikawa inalia bila moto, na siku hiyo shule ilikuwa na wageni wa heshima. "Izime hiyo moja, wageni wale waende," Injinia akaniambia kwa simu. Nikaingia stoo kuiangalia, kisha nikaizima kwenye paneli. Ndiyo ilikuwa desturi yetu: zima leo, utasafisha ukirudi. Na kurudi kwenyewe, mh! Mlinzi akabandika utepe mweusi juu ya taa ya manjano isimsumbue macho. Nilimwona, nikanyamaza. Naona aibu hadi leo.

Siku tatu baadaye nikiwa kazini Kanyangi, matroni wa ile shule akanipigia simu.

"Fundi, ulisahau bisibisi yako stoo. Wasichana wameiona."

"Wasichana wanafanya nini stoo?"

"Si wana tetekuwanga? Tumewatenga huko wasiambukize wengine. Wako kumi na wawili, wanalala humo."

Aiya! Namba ya siri ya kuiwasha ile detekta tulikuwa nayo mafundi peke yetu. Nikampigia Injinia.

"Emali ni wiki ijayo," akasema. "Ukiacha kazi ya Kanyangi, usirudi ofisini."

"Nitarudi, mkubwa, nikitoka Emali. Unifukuze ana kwa ana."

Nilifika alasiri. Nikabandua ule utepe, nikaishusha detekta, nikaipuliza vumbi, nikaiwasha. Halafu nikafuta neno STOO kwenye paneli, nikaandika WAGONJWA. Nikapuliza moshi wa majaribio, ving'ora vikalia shule nzima, wale wasichana wakatoka mbio na madoadoa yao wakicheka. Mimi sikucheka.

Wiki hiyohiyo, saa ya chakula cha mchana, soketi ya chumba kile ilishika moto. Walimu wote walikuwa bwaloni. Matroni alisoma neno moja kwenye kioo, akakimbia moja kwa moja. Magodoro mawili yaliungua. Wasichana walitoka wote kumi na wawili.

Injinia hakunifukuza, lakini barua ya onyo alinipa, na hakuifuta. Ninayo kabatini, na kuanzia siku ile sikuondoka tena kwenye jengo ambalo taa ya manjano bado inawaka. Miaka yote, Kitui na Makueni, mpaka nikastaafu.

Mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu bwenini, shule nyingine huku Makueni. Mlangoni pa ofisi kulikuwa na paneli, na juu ya taa palikuwa na kipande cha utepe. Nikakibandua. Manjano.

"Hiyo imekuwa hivyo tangu muhula uliopita, mama," mwalimu wa zamu akasema. "Haina shida."

Nikavuta kiti, nikaketi mbele ya taa ile. "Mpigie fundi wenu."

"Leo ni Jumapili. Utangoja mpaka saa ngapi?"

"Mpaka izimike bila utepe."