Nyumba Iliyokaa Nje ya Kamba

Kabla ya vijiji vya ujamaa nilikuwa tayari na jiwe langu. Liko upande wa Mugeta, kubwa kama nyumba mbili, na mgongoni lina kibonde ambamo mtu mmoja anakaa vizuri. Kila mwaka mvua kubwa zikiisha na nyasi zikianza kuwa njano, nilikuwa napanda pale kuangalia nyumbu wakipita. Naangalia tu. Jambo hilo liliwashinda wenzangu kabisa.

"Binti mzima unakaa juani kuangalia mboga ikitembea," walisema, "na hata kisu hujashika!"

Nilicheka nao. Bunda nilishawaona wageni kwenye Landrova, darubini shingoni, wametoka mbali kuja kuangalia hao hao. Sasa mimi nione haya kwa lipi? Niliota kwamba siku moja nitakuwa nawapandisha watu jiweni pangu na kuwaonyesha. Nimeishia darasa la nne, lakini pale juu nilisoma mengi: kwamba pundamilia hutangulia, na kwamba ndama wa nyumbu akipotezana na mama yake hufuata chochote kinachotembea. Mmoja alimfuata mbwa wetu mpaka zizini. Nilimrudisha mwenyewe, huku nalia.

Ilipokuja amri ya kuhamia kijijini, kijiji kilipangwa chini ya jiwe lile lile. Mpimaji alifika kiangazi na kamba yake na vigingi, akakuta mahali peupe, pamenyooka, hapana hata kichaka.

"Barabara ya zamani hii!" akafurahi. "Nyumba zitakaa huku na huku. Nusu ya kazi imekwisha."

Watu wakapiga makofi. Nikanyoosha mkono.

"Ndugu mpimaji, hiyo si barabara. Nyumbu wanapitaga hapo."

"Na wewe ni nani? Afisa wa nyumbu?"

Kicheko chake nakisikia mpaka leo. Mjomba wangu, ambaye ndiye alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, akanivuta gauni. "Kaa chini. Unatuaibisha."

Nikakaa, lakini sikunyamaza moyoni. Kiwanja tulichopewa mimi na bibi, mama yake mjomba, kilikuwa pale njia inapobanwa kati ya jiwe na korongo. Bibi miguu ilikuwa imevimba. Kutoka kitandani hadi mlangoni alipumzika mara mbili. Nyumbu wakija, angekimbilia wapi?

Basi nikayabeba mafiga yake matatu, yale tuliyotoka nayo nyumbani, nikayapandisha mpaka ubavuni mwa jiwe, nje kabisa ya kamba. Kwa upande wa kina bibi, mafiga yakishaivisha ugali wa kwanza mahali, hakuna mkono wa kuyainua ila wa mwenye nyumba. Mti hata mmoja sijasimika, nikasonga ugali juani. Mjomba alipofika na wajumbe wawili wa kamati, bibi alikuwa analamba vidole.

"Hamjajenga bado," alisema mjumbe mmoja. "Shukeni mstarini."

"Tumeshakula," bibi akajibu, akamtazama mwanawe. "Yainue wewe, baba, kama una ubavu."

Mjomba alizaliwa mbele ya mafiga yale. Akaficha mikono nyuma.

"We binti," akanigeukia mimi, "unajitenga na wenzako. Huo ni ubepari."

"Bepari gani ana sufuria moja, mjomba? Shamba la ujamaa nitakuja kila siku, na kwa kupalilia pamba hata mwanao hatanifikia. Lakini bibi halali pale chini."

Wakaniita mkaidi katika kila mkutano. Wakanipa adhabu ya kuchimba choo cha shule. Nilikichimba nikiimba, tena nikakinyoosha kuta vizuri, wasije wakasema sijui kunyoosha kitu.

Kisha mvua kubwa zikaisha.

Walikuja asubuhi, watu wanakunywa uji. Pundamilia wakasimama mwanzo wa nyumba za kwanza kama wanaosoma tangazo, halafu wakaingia. Nyuma yao nyumbu, wakiguna, katikati ya mtaa wetu ulionyooka, bila kumsalimia mtu. Madebe yakapigwa. Kuku wakapanda mapaa. Watu wakajifungia, na kwa kweli hakuna aliyeumia, nashukuru mpaka leo. Nyua za jikoni tu ndizo zilizolala chini. Lakini pale kwenye kiwanja chetu kitupu, mahali ambapo ungekuwa mlango wa bibi, walibanana wakapita kama maji kwenye mfereji. Vigingi vya mpimaji sikuviona tena.

Bibi alikuwa mlangoni mwa kibanda nilichomjengea ubavuni mwa jiwe, kikombe mkononi, anatazama kama yuko arusini.

Mimi nilikuwa juu, kibondeni mwangu, nikasikia mtu anapumua kwa shida. Mjomba alikuwa anapanda jiwe, kigoda kichwani.

"Sogea," akasema.

Nikasogea. Akatua kigoda, akakikalia.

"Kamati bado inataka mshuke mstarini," akasema, bila kuniangalia.

"Ije ikae hapa kwanza, halafu iseme. Sishuki, mjomba."

"Najua hushuki." Akafinya macho. "Yule ndama kule mwisho anamfuata nani?"

"Mbwa wako."

Aliacha kigoda. Kipo kwangu mpaka leo. Kila mwaka anapanda kukikalia.