Ukurasa Uliofunguka Katikati ya Mtihani

Mtihani wangu wa mwisho wa chuo cha ualimu niliufanyia kwenye saiba, duka la intaneti la mjomba wangu mjini Garissa, kwa sababu nyumbani Sangailu mtandao huja na kuondoka unavyotaka wenyewe. Mjomba, abti kama tunavyomwita, naye hutuita vivyo hivyo, alinitengea kompyuta ya pembeni, kisha akaketi mlangoni kuwazuia waliokuja kupiga picha za paspoti.

Masharti ya chuo yalikuwa makali. Kamera inakutazama, maikrofoni inasikiliza. Ukiuacha ukurasa wa mtihani, hata kwa bahati mbaya, unaonywa. Ukirudia, mtihani unajifunga na mwaka wako umepotea.

Niliendelea vizuri hadi swali la ufahamu. "Soma kifungu hapa," lilisema, na hilo "hapa" lilikuwa la buluu. Nikabofya. Nilidhani kifungu kingetokea chini ya swali. Ukafunguka ukurasa mpya, ukaufunika mtihani wote, na kisanduku chekundu kikaruka: Umeondoka kwenye mtihani. Hili ndilo onyo la pekee.

Kifungu kilikuwa mbele yangu, maswali yake yako nyuma, kwenye ule ukurasa mwingine, pamoja na saa iliyokuwa ikinihesabia muda. Nikirudi huko, sitaweza tena kuja kuchungulia. Na nikiinama kuandika pembeni, kamera itasema naiba.

Mjomba aliniona nimeduwaa. Akaja akasimama nyuma ya kompyuta, akaniuliza kwa midomo tu, bila sauti. Sikuthubutu hata kutikisa kichwa. Akarudi mlangoni, nikasikia tasbihi ikianza kugongana mkononi mwake.

Nikafanya nilivyozoea tangu utotoni kwenye dugsi, madrasa yetu ya Kurani: nikakihifadhi kile kifungu. Kilimhusu mtoto aliyekataa kusoma kwa sauti darasani. Sentensi kwa sentensi nilikiingiza kichwani, jasho likinichuruzika machoni nisilifute. Kisha nikaufunga ukurasa ule, nikarudi kwenye maswali, nikaandika bila kupumzika. Muda uliobaki ulikuwa mdogo kuliko nilivyoogopa. Majibu yalipopokelewa, nikasukuma kiti nyuma.

"Alhamdulillahi, umemaliza," mjomba alisema. "Mbona uliduwaa vile?"

Kabla sijamweleza, simu ililia. Ni rafiki yangu niliyesoma naye chuoni, yuko kwao Takaba, analia.

"Nilibofya lile 'hapa', nikarudi kuangalia swali, nikabofya tena. Imenifungia! Watasema nimeiba."

"Hukuiba. Hata mimi ukurasa ulinifungukia hivyohivyo."

"Utawaambia?"

Mjomba alikuwa akisikiliza. Nilipokata simu, alishusha sauti. "Abti, wewe umepita salama. Ukiwaambia ulitoka kwenye mtihani, si wataanza kukuchunguza na wewe?"

Nilijua ana haki ya kuogopa. Niliwaandikia chuo hata hivyo, palepale kwenye kompyuta ile, nikieleza kila kitu na kutaja onyo langu mwenyewe.

Chuo kilikaa kimya. Matokeo yalipotoka, yangu na ya rafiki yangu hayakuwemo. Kila simu iliyoingia ilinishtua. Mama aliacha kuniuliza. Hatimaye mhadhiri mmoja akanipigia. Kiungo cha lile "hapa" kilikuwa kimewekwa vibaya, alisema. Wote waliofungiwa watarudia swali lile, na majibu yangu yanahesabiwa kama yalivyo.

Rafiki yangu alirudia, akapita. Sasa anafundisha Rhamu. Mimi bado kidole kinasita kila ninapoona maandishi ya buluu.