Fundo la Kanga Begani mwa Mama

Harufu ya mafuta ya karafuu bado hunirudisha utotoni. Mwezi uliopita nilinunua kichupa Kariakoo nijipake bega. Nilipokifungua tu nikajikuta niko mtaa wa Gerezani, barazani kwetu, mtoto mdogo, na mama ameketi mkekani akingoja nimfunge mkono.

Mama alikuwa msusi. Wanawake walimjia na rasta zao kwenye mfuko, akawasuka huku akiwasimulia vituko vya mtaani mpaka wakatokwa machozi kwa kucheka. Halafu bega lake la kulia likaanza kuuma, wala hakuanguka, wala hakugongwa. Likakaza hadi mkono ukawa haupandi kupita kifua.

Bi Mwanaidi, mpangaji mwenzetu, ndiye aliyetoa dawa: bega lichuliwe kwa karafuu, kisha mkono ufungwe kwa kanga, upumzike mpaka upone. Kazi ya kufunga nikapewa mimi. Sikuwahi kujiona mtu wa maana kama siku zile. Kila asubuhi kabla ya shule nilipitisha kanga shingoni mwake, nikapiga fundo na kulivuta kwa meno.

"Kaza, mwanangu," alikuwa akisema. "Ukilegeza nitajisahau niuinue."

Nikakaza. Hata kujichana nilimkatalia, nikamchana mimi. Bega likazidi kuwa gumu. Wateja walimpa pole, kisha wakahamia kwa wasusi wengine. Mama akauza vitumbua kwa mkono mmoja mpaka alipofariki, na hakunisuka tena. Siku niliyonyolewa kwa kukosa wa kunisuka nililia njia nzima ya shule.

Sasa bega langu nalo limekaza. Nilikwenda kliniki moja kule Posta nikiwa nimeshalifunga kwa kanga, nikamwonyesha msichana wa mazoezi ya viungo, kwa fahari kidogo.

Akaifungua taratibu. "Mama, bega la namna hii halitaki kufungwa. Ukilifunga ndiyo linazidi kuganda. Linataka kutembezwa, kidogo kidogo."

Akanisimamisha ukutani, nikawa napandisha vidole kama mtoto anayejifunza kutambaa. Juzi mkono ulifika kichwani. Nikashika nywele zangu mwenyewe, nikalia.

"Pole, mama. Imeuma? Tupumzike," akasema.

Haikuwa imeuma. Nilikuwa namlilia mama, na lile fundo. Miaka yote hii nimejivunia kwamba halikuwahi kulegea hata siku moja.