Mche wa Bangi Katika Kokoa ya Shangazi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusherehekea sikukuu ya katikati ya baridi ya Ulaya hapa Kyela, kwenye joto la Desemba, saa saba mchana. Nilikuwa nimewasha mishumaa minne uani ili kuliita jua lirudi. Jua lenyewe lilikuwa utosini. Mishumaa ililainika ikainama kabla sijamaliza sala ya kwanza, na shangazi yangu, aliyekuwa anapita na ndoo ya maji, akasimama.

"Baba, unaliita jua lije wapi tena? Limebakiza kuingia chumbani."

Ananiita baba kwa sababu nimerithi jina la baba yake. Nilimjibu kwamba ni zoezi tu. Akacheka, akaenda kumwagilia miche yake ya kokoa, na mimi nikabaki na nta vidoleni, nimeona aibu mpaka masikio yamepata moto.

Upagani wa kisasa nilijifunza mwenyewe, kwenye simu. Ni watu wa nchi za mbali ambao wameamua kurudi kuiheshimu ardhi, mwezi, majira na wazee waliotangulia, kila mmoja kwa namna yake. Mimi nilivutiwa na hayo maneno, "kila mmoja kwa namna yake". Kanisani nilikuwa natubu dhambi ile ile mara tatu kwa hofu kwamba mara mbili za kwanza sikutubu vizuri. Nikasema, hapa sasa nimefika pahali ambapo mtu hawezi kukosea. Basi nikatafuta namna ya kukosea, nikaipata. Nilinunua daftari, nikaandika ibada zote kwa rula, na herufi moja ikipinda nachana ukurasa. Kazi yangu ni kuchora mabango ya saluni na maduka pale Ipinda, kwa hiyo herufi iliyopinda naiona kama mtu mwingine anavyoona nyoka.

Kuhusu bangi, nilikuta mabishano. Kulikuwa na Wapagani waliosema huichoma kama ubani ili akili ifunguke. Wengine walisema huivuta kidogo kabla ya kutafakari. Wengine wakawajibu kwamba huko ni kutaka kuvuta tu, halafu kumsingizia mungu. Mama mmoja aliandika kwamba hajaigusa maisha yake yote, na mvua ikinyesha juu ya bati inamtosha. Nilisoma yote hayo, na kama kawaida yangu nikabeba lile gumu zaidi. Niliona kwamba kama jambo ni la hatari, bila shaka ndilo lenyewe.

Na lilikuwa la hatari kweli. Sheria yetu haicheki hata na mche mmoja. Lakini nikiri: sikuwa naogopa polisi kama nilivyomwogopa shangazi. Alinichukua nikiwa na miaka saba, mama yangu alipofariki, na sikuwahi kuwa na nyumba nyingine. Ni kiongozi wa kwaya ya akina mama. Siku moja kijana wa jirani alikamatwa na misokoto, na shangazi akatuambia mezani, bila kupandisha sauti, "Bangi ikiota kwangu, aliyeiotesha atatoka nayo. Na mlango ataufunga yeye mwenyewe kwa nje." Kisha akaomba apitishiwe chumvi.

Mimi nikapanda. Mbegu nilipewa na mtu wa Katumba Songwe, na zaidi ya hapo sisemi. Niliuweka mche katikati ya kokoa, nyuma ya migomba, penye kivuli kisichozidi, kama nilivyosoma. Ukakua vizuri mno. Kitu cha kwanza maishani mwangu kilichotoka sawasawa kilikuwa kile.

Ibada niliipanga Jumamosi mchana, shangazi akiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Niliokota mawe saba mtoni, nikayaosha, nikayapanga duara. Nikakaa katikati na daftari langu, nikavuta. Sikuwahi kuvuta hata sigara. Nilikohoa mpaka kuku wakahama.

Nilikuwa nasubiri mlango wa akili ufunguke, lakini kilichofunguka ni macho juu ya jiwe la tano. Lilikuwa limesogea kidogo. Nikalirudisha. Likawa limezidi upande wa pili. Nikalirudisha tena. La sita nalo likaharibika kwa sababu ya la tano. Sijui nilikaa hapo muda gani, nikiwa nimepiga magoti, nasogeza mawe, nikicheka, kisha nikaacha kucheka kwa sababu niliwaza kwamba nimesahau kupumua na kwamba nikiacha kujikumbusha nitakufa.

Aliyenikuta ni mpangaji wetu. Huyu ni dada aliyetoka Tanga, afisa ugani, amepanga chumba cha uani na hufanya kazi ya kuwashauri wakulima wa kokoa. Alikuwa anakagua matunda yenye madoa, kijitabu chake mkononi.

"Mdogo wangu, unafanya nini hapo?"

"Napanga mawe."

"Tangu lini?"

"Dada, napumua?"

Akanitazama. Akanusa. Akatazama nyuma ya migomba, akaona alichokiona. Alichuchumaa, akanipa chupa yake ya maji.

"Unapumua. Kunywa. Tena unapumua kwa kelele kama ng'ombe." Alikaa na mimi mpaka moyo ukatulia. Nilimweleza yote, ibada, mawe, Wapagani wa ng'ambo. Alisikiliza bila kunikatisha.

"Sasa huyo mungu amekuja?"

"Hajaja."

"Angekuja vipi na wewe umemgeuzia mgongo unahangaika na jiwe?" Akacheka yule dada, akafuta macho kwa pembe ya mtandio. Kisha uso ukabadilika. "Nisikilize. Mimi ni mtumishi wa serikali. Leo sijaona kitu. Kesho asubuhi nitapita hapa na kijitabu changu, na kesho nitaona. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Lakini kichwa kilikuwa bado hakijarudi chote. Alipoondoka niliung'oa ule mche, nikaukatakata, na hapo nikasikia sauti ya shangazi barabarani akiwashukuru wenzake kwa Kinyakyusa na kuagana nao, "Ndaga fijo, ndaga fijo, tuonane kesho." Nilitazama huku na huku. Karibu yangu palikuwa na sanduku la mbao ambamo shangazi alikuwa amevundika kokoa yake, punje mbichi zilizofunikwa majani ya mgomba ili zichemke zenyewe kwa siku kadhaa kabla ya kuanikwa. Majani juu ya majani, nani atajua? Nikainua majani ya mgomba, nikasukuma bangi yote chini yake, nikafunika vizuri, hata nikanyoosha pembe.

Asubuhi niliamka na akili timamu, na jambo la kwanza nililokumbuka ni kwamba kokoa hunyonya harufu. Shangazi mwenyewe alinifundisha. Hakuruhusu hata mafuta ya taa yapite karibu na sanduku. La pili nililokumbuka ni kwamba siku hiyo, baada ya kanisa, ilikuwa siku ya kuzigeuza punje.

Lakini shangazi alikuwa ameshasimama mlangoni, ananisubiri twende kanisani. Tuliporudi, nilipofika kwenye sanduku nilimkuta tayari amevua viatu vya kanisani, amefunga kanga kiunoni, ameshika pauro ya mbao. Dada wa Tanga alikuwa amesimama kando na kijitabu chake, anatazama pale ulipokuwa mche, ameridhika.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Njoo baba, shika upande huu."

"Shangazi, usifungue."

"Kwa nini? Nyoka?"

Nilikuwa nimetunga uongo wa aina mbili wakati wa mahubiri, na wote ulikuwa umepangwa vizuri. Nikafungua mdomo, ukatoka ukweli. "Kuna bangi humo. Ni yangu. Niliipanda mimi. Jana niliivuta."

Kijitabu cha dada kilianguka. Shangazi aliweka pauro chini, akaingia ndani. Mimi nikajua anakwenda kuleta nguo zangu. Nilianza kuhesabu kimoyomoyo vitu ambavyo ni vyangu kweli: brashi, rangi, daftari.

Akatoka na kikombe cha maji.

Katika ukoo wetu ipo desturi ya zamani, na wazee wanaifanya hata wakiwa Wakristo. Watu wa nyumba moja wakiwa na jambo moyoni, hawali pamoja wala hawaombi pamoja mpaka limesemwa. Unasema hasira yako au siri yako yote mbele ya wenzio, kisha unatia maji mdomoni, unayapuliza chini. Ukibakiza kitu, maji hayo ni bure. Nilikuwa nimeiona mara moja tu, utotoni, kwenye msiba, na nikaisahau kabisa. Kwenye daftari langu haikuwamo.

"Sema," alisema shangazi. "Yote. Ukibakiza, leo ndiyo leo."

Nikasema. Nilisema bangi. Nilisema kwamba siombi tena kama yeye anavyoomba, na kwamba nikiimba kanisani nafungua mdomo tu. Nilisema namheshimu mama yangu aliyekufa kwa kumwekea ua dirishani, na kwamba hilo silo la simu, ni langu. Mwishoni kikatoka kitu ambacho sikujua kama kimo.

"Na nilikukasirikia, shangazi. Uliponiita mpagani mbele ya akina mama wa kwaya wakacheka. Mimi ni Mpagani kweli. Lakini wewe ulilisema kama tusi."

Nilitia maji mdomoni, nikapuliza. Nusu yaliingia kwenye kola.

Shangazi akapokea kikombe. "Na mimi ninayo," akasema. "Nimekukasirikia miezi minne. Unazungumza na hiyo simu kutwa, mimi nikikuuliza umeshindaje unanijibu 'salama'. Nimelea mtoto au nimelea ukuta? Na lile neno la mbele ya wenzangu, ni kweli nililisema nichekeshe watu. Halikuwa zuri." Akatia maji mdomoni, mengi kuliko nilivyotia mimi. Akiwa amejaza mashavu hivyo, dada wa Tanga akauliza taratibu, "Samahani mama, na mimi niseme? Maana mimi niliuona huo mche jana."

Shangazi alitaka kumgeukia huku anacheka na kushangaa kwa pamoja. Maji yote yakanipata usoni.

Sijawahi kucheka vile. Tulicheka mpaka shangazi akakaa chini kwenye majani ya mgomba na nguo yake ya kanisani. Kila tulipokaribia kunyamaza, dada alisema, "Basi yangu hayajatemwa bado," tukaanza upya. Mwili wangu ulikuwa mwepesi, kichwa cheupe, naona kila jani la kokoa peke yake. Ile hali niliyoisoma miezi yote, ambayo watu wa ng'ambo walihangaika kuieleza, nilikuwa ndani yake, nina maji puani.

"Na mlango, shangazi?" niliuliza baadaye. "Ulisema atakayepanda atatoka nayo."

"Utatoka nayo. Toka nayo mpaka chooni, uitumbukize yote, nikiwa nakuangalia. Halafu urudi tugeuze kokoa."

Nikatoka nayo, nikarudi. Tuliondoa punje za juu zilizogusana na yale majani, zikatupwa, sehemu kubwa ikapona. Dada alinusa kiganja baada ya kiganja kwa uso wa kazi kabisa, akasema, "Hizi zinanuka siki tupu, kama inavyotakiwa. Ziko sawa." Mchana huo shangazi alipika mbalaga, ndizi zetu za kupika, tukala watatu sahani moja.

Sasa ni mwaka wa tatu. Bado ni Mpagani, na shangazi bado anaongoza kwaya. Sivuti bangi wala siipandi. Wanaoitumia katika ibada zao huko kwao siwahukumu, ila kwangu mimi ilinipa mawe ya kusogeza tu. Simu ninayo, lakini jioni shangazi akiniuliza nimeshindaje, namweleza, hata kama ni habari ya herufi moja iliyopinda.