Siku Nyundo za Kariobangi Ziliponyamaza

Nangila ni wakili. Nasema hivyo kwa sababu hapa kwetu Kariobangi wengine bado wanamwita yule mtoto wa ghorofa ya tatu, na mimi jirani yake nimechoka kuwasahihisha. Alisoma chuo kikuu, akapita Shule ya Sheria, akaapishwa, akaajiriwa na Bwana Ndete, wakili mzee mwenye kesi nyingi na miguu mizito. Mwaka mzima alitumwa kortini kufanya jambo moja tu: kuomba kesi iahirishwe. Aliomba kwa adabu, akaomba kwa huzuni, akaomba kwa niaba ya mafua ya Bwana Ndete. Sidhani kuna kijana Nairobi aliyeahirisha kesi nyingi kama yeye.

Kisha mafundi wa jua kali, wale wagonga mabati walio chini ya dirisha lake, wakamletea kesi yao. Kampuni fulani ilitaka kubomoa vibanda vyao, ikidai walishahama na kiwanja ni kitupu. Korti ilikuwa imezuia ubomoaji kwa muda, na amri hiyo ilikuwa inaisha jioni ya siku ya kesi. Bwana Ndete akamwachia Nangila peke yake. Safari hii ilibidi aseme kitu.

Kesi ilisikizwa kwa video, naye alikuwa nyumbani, juu koti jeusi, kiunoni leso yenye picha za mananasi. Mimi nilikaa pembeni kushika waya wa intaneti, maana ukitikisika tu inakatika. Asubuhi alikuwa amemwomba Bwire, mkubwa wa mafundi, wapunguze kelele kidogo.

"Wakili, usijali," Bwire alimwambia. "Leo hutaskia hata msumari ikianguka."

Wakanyamaza wote. Sasa, hapa kwetu nyundo hazinyamazi mchana ila fundi akifa. Wenzake huweka vyombo chini, na kina mama huja kufariji. Basi kesi ilipoitwa tu, tukasikia wimbo wa maombolezo ukipanda ngazi, na Kezia, kiongozi wa kina mama wa kanisa, akaingia na thamosi ya chai, machozi tayari.

"Nangila, mama, pole sana. Ni nani ametuacha?"

Hakimu akavua miwani. "Wakili, naona mna msiba."

"Mheshimiwa, tunampa mwenzetu pole," akadakia wakili wa kampuni, kwa upole uliozidi. "Hatupingi kesi iahirishwe hadi wiki ijayo."

Mjanja huyo. Wiki ijayo vibanda vingekuwa vifusi. Nilimtazama Nangila nikaogopa, kwa kweli, kwa sababu lile ombi la kila siku lilikuwa limeshamfika ulimini.

"Mheshimiwa, hakuna aliyekufa," akasema. "Naomba tuendelee."

Kezia alikasirika. "Kama hakuna mtu amekufa, mbona mafundi wamenyamaza?"

Wakili wa kampuni akatabasamu. "Mheshimiwa, hata jirani anauliza. Hakuna nyundo kwa sababu hakuna mafundi. Tulisema walihama."

Nangila akasimama, korti nzima ikaona mananasi, akaenda dirishani.

"Bwire, pigeni. Wote."

Wee. Mabati, sufuria, masanduku ya wanafunzi, vyote vikagongwa kwa mpigo. Thamosi ilicheza mezani. Hakimu alisema jambo refu, sisi tukaona midomo tu. Mwishowe akaandika kwenye karatasi, akaiinua mbele ya kamera: NIMESIKIA. VISIBOMOLEWE HADI KESI IAMULIWE.

Skrini ilipozimika, Nangila aliketi sakafuni akaanza kulia, kilio chenye kwikwi, koti na yote. Kezia alimtazama, akafungua thamosi, akamimina. Alikuwa amepanda ngazi zote zile kuja kufariji mtu, na hatimaye alimpata.