C ya Kuchemka

Mwezi mzima mshale wa joto kwenye dashibodi ya pikapu yangu ulikwama kwenye H, hata asubuhi Nunguni ikiwa na ukungu na injini baridi kama jiwe. Kila mlima nilisimama kufungua boneti, na kila mara maji yalikuwa sawa. Mwishowe nikanunua sensa mpya, kile kidude kinachopima joto la maji ya injini, nikaifunga mwenyewe nyumbani. Nilipofungua ile ya zamani maji yalinirukia kifuani. Nikaziba tundu kwa kidole, na mama, badala ya kunipa sensa, akaenda kwanza kutafuta karai la kukinga maji. Maji ya kuteka mtoni hayamwagwi ovyo.

Jumapili nikawasha gari twende kanisani. Mshale ukatulia kwenye C, nami nikajiona fundi. Mama akautazama, akachukua Biblia yake, akashuka.

"Umeiharibu," alisema. "C ni chemka. Siku zote ilikuwa H, haichemki."

Nilimweleza kwamba ni herufi za Kiingereza, C ni baridi na H ni moto. Akaniuliza kama gari linakwenda Uingereza au kanisani, akaanza kupanda mlima kwa miguu.

Ningemwachaje mama yangu atembee mbele ya washirika wote? Nikamfuata nyuma kwa gia ya kwanza, polepole, hadi mshale ukapanda wenyewe ukafika H, safari hii kwa haki. Mama akasimama, akachungulia dirishani.

"Sasa imepoa," akasema, akafungua mlango, akaingia.